Muulize Bwana Miti: Tunda la magamba kutoka Efeso

SWALI: Shikamoo mzee. Oktoba mwaka jana kwaya yetu ilikwenda kuzuru Efeso, Uturuki. Wenzangu walipokuwa wanapiga picha, mimi miguu ilikuwa imeniishia, nikakaa chini ya mti kando ya njia na kuokota hiki kitu. Ni njugu ndefu kama kidole gumba, imezama kwenye kikombe kigumu, na kikombe chote kimejaa magamba mapana yaliyojikunja nje kama nanasi. Nimekipima kwa rula: sentimita 5 kwa upana. Mjukuu wangu anasema ni nyumba ya mdudu. Mchungaji anasema ni tunda la mwaloni, lakini mialoni tuliyoiona kwenye simu matunda yake yana kikofia kidogo tu, kisicho na magamba ya namna hii. Ni nini? Nikiipanda itaota? Ina kitundu cha duara ubavuni, kama cha njiti ya kiberiti, na ukiitikisa inalia.
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Mchungaji kapatia, ni mwaloni. Mjukuu naye hakukosea sana, nitamrudia.

Mialoni ni ukoo mkubwa, una aina zaidi ya 400, na hakuna hata moja ya asili huku kwetu kusini mwa Sahara. Wengi tumeukuta kwenye Biblia tu, kwa Ibrahimu kule Mamre. Hao wa kwenye simu yenu nadhani ni wa Uingereza. Uturuki kuna mwingine ambao kikombe chake kina manyoya, lakini ni nyuzi nyembamba kama za kumbi la nazi. Magamba mapana, tena upana wa sentimita 5, yananipeleka kwa mmoja tu: Quercus ithaburensis, ile aina ndogo iitwayo macrolepis, maana yake “magamba makubwa”. Hilo jina la kwanza limetokana na mlima Tabori, ambako ndugu yake anaota. Wako umejaa pwani ya magharibi ya Uturuki na Ugiriki, kwa hiyo hata mahali ulipokaa panakubaliana.

Waturuki tunda la mwaloni wanaliita palamut. Angalia usije ukaagiza hilo hotelini, maana utaletewa samaki wa jamii ya jodari!

Mimi nilikiona kikombe kama hicho nikiwa kijana chuoni, kwenye chupa ya kioo, siku tuliyofundishwa tanini, ile kemikali ya mimea inayotumika kutengenezea ngozi. Na hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Njugu walipewa mifugo. Mali ilikuwa hicho kikombe. Karne ya 19 vilipakiwa melini kwa magunia pale Izmir, ndiyo Smirna ya kitabu cha Ufunuo, vikapelekwa Ulaya kwa watengeneza ngozi. Magamba yana tanini nyingi kuliko sehemu nyingine za kikombe. Kazi ni ileile inayofanywa na magome ya miwati ya Njombe, ngozi isioze na iwe imara.

Kupanda, hapana. Mbegu ya mwaloni si kama ya mahindi, haivumilii kukauka. Kiini kikisinyaa hulia ndani ya ganda, na hapo mbegu imekwisha kufa. Kitundu nacho ni mlango wa kutokea. Fukusi mwenye mdomo mrefu hutoboa njugu ikiwa bado mbichi na kutaga. Funza hula kiini, kisha tunda likianguka hutoboa ganda na kwenda kujizika udongoni. Mwambie mjukuu mdudu alikuwepo, ila amehama. Na wewe mama, safari nyingine mbegu yoyote ionyeshe kwa mkaguzi wa mimea uwanja wa ndege. Huyo funza angeweza kuhamia Kihonda.

Mpe mjukuu kazi. Ang'oe magamba mawili, myachemshe kwenye kikombe cha maji, yakipoa atumbukize msumari wenye kutu na kuuacha mpaka asubuhi. Maji yatakuwa meusi kama wino, na kwa kijiti anaweza kuandikia jina lake. Magamba mawili tu lakini, kikombe kirudi kabatini.