Minyoo kabla ya kemo? Ndiyo, apimwe

Dada, umeuliza kama Bi Mkubwa wako, mkulima wa mpunga huko Micheweni, Pemba, ana haja ya kupimwa minyoo kabla ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kuanza kemo, yaani dawa za saratani, maana tumbo halimuumi. Haja ipo. Kuna mnyoo mdogo mno, strongiloide, unaopenya ngozi ya mguu peku, kisha huzaana humo humo mwilini hata miaka makumi, mwenyewe hana habari. Kinachotisha zaidi si kemo yenyewe, ni deksamethasoni, ile dawa ya kuzuia kutapika inayotangulia dripu. Kinga ikishuka, mnyoo huzidi, hutoka utumboni ukasambaa mapafuni na kwingineko, na hapo mtu aweza kufa. Choo cha siku moja mara nyingi hakionyeshi kitu. Aombe kirudiwe, au kipimo cha damu kikipatikana. Albendazoli, ile dawa ya minyoo ya kutafuna, ni dhaifu kwa mnyoo huyu. Dawa yake ivamektini, ile ile tuliyoanza kugawiwa visiwani 2001 kwa ajili ya matende, ila asijinunulie dukani. Amwambie daktari wazi: "Natoka Pemba, nalima bondeni peku." Wazee wetu hawalisemi hili, wanaona minyoo ni mambo ya watoto.