Samaki Aliyetoka Mlangoni

SWALI: Bibi, kwa nini kila mchoro wako una samaki na mnyororo? (Msomaji, Wete)

JIBU: Mwanangu, nilianza kwa kunakili milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, nimekaa barazani Shangani na kalamu ya nibu na kidau cha wino. Samaki mlangoni ni neema na uzazi. Mnyororo, wazee husema, ni ulinzi wa nyumba. Nikavichora hivyo hivyo miaka mingi. Alipofariki mume wangu, mvuvi, samaki akakataa kukaa ndani ya fremu. Nikamchora nje, mnyororo umekatika. Wino haufutiki, basi kosa nalifanya pezi. Masika sichori kabisa: karatasi hunyonya unyevu, mstari ukaota miguu kama tandu.