"Nikikamatwa ni faini tu, si ndiyo?"

"Shikamoo kaka. Nimepata kazi ya kufunga boila, mtambo wa gesi wa kuchemshia maji, hapa Leicester. Mwenye nyumba haulizi kadi ya usajili, anachotaka ni bei nafuu. Nikikamatwa ni faini tu, si ndiyo?"

Marahaba, mdogo wangu. Siyo faini tu.

Kanuni za usalama wa gesi za Uingereza za mwaka 1998 zinamtaka fundi anayefanya kazi ya gesi kibiashara awe amesajiliwa, na tangu Aprili 2009 daftari lenyewe ni Gas Safe Register. Ukifanya bila usajili na kesi ikafika Crown Court, mahakama ya makosa makubwa, ni faini isiyo na kikomo, au jela hadi miaka 2, au vyote viwili. Usijidanganye kwamba mpaka nyumba ilipuke. Hata kama bomba halivuji na maji yanachemka vizuri, kosa limeshatendeka. Ukitumia namba ya usajili ya mwenzako, hapo unaingia kwenye udanganyifu, na kifungo chake kinafika miaka 10. Mtu akifa kwa kazi yako, unaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Kuna na hili, ambalo sisi wageni hatulizungumzi. Kwa sheria ya mwaka 2007, asiye raia akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, anakabiliwa na amri ya kufukuzwa nchini, ukiacha wachache wenye sababu zinazokubalika. Watoto wako wanasoma hapa. Boila moja!

Najua njia ni ndefu, kwa sababu nimeipita. Usiku nilipanga mizigo ghalani, mchana nilimbebea vifaa fundi aliyesajiliwa, nikijaza kumbukumbu za kila kazi niliyofanya chini ya macho yake. Mafunzo na mitihani vilikula maelfu ya pauni. Siku kadi ya njano ilipofika na picha yangu, nilimpigia mama Tanga, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Na bado kila mwaka nalipia usajili, na kila baada ya miaka 5 narudi kwenye mtihani.

Ndiyo maana inaniuma. Watu niliokula nao pilau ya Idi wamenipita wakamwita fundi wa bei chee, kisha wakasema nina maringo ya kadi. Mmoja aliniita baadaye: moto wa boila wa njano badala ya bluu, masizi ukutani, mke wake anaumwa kichwa kila jioni. Ilikuwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Niliizima ile boila nikafungua madirisha yote. Hakuna aliyezungumza tena habari ya maringo.

Kwa hiyo jisajili. Na wewe mwenye nyumba, omba kadi, kisha igeuze: nyuma ndipo panapoandikwa kazi anazoruhusiwa, maana wa majiko si lazima awe wa boila. Angalia na tarehe ya kuisha. Kama una wapangaji, ukaguzi wa gesi ni kila mwaka, na asiyesajiliwa hawezi kukupa cheti halali.

Mdogo wangu, mjibu huyo bwana leo kwamba kazi hiyo huichukui. Kisha nipigie. Natafuta kijana wa kubeba vifaa, na kumbukumbu zako nitazisaini mwenyewe.