Ndege, mbegu na faida: je, vyote hutawanywa?

SWALI: Mwalimu, natafsiri kijitabu cha kilimo cha mpunga kutoka Kiingereza. Neno "scatter" limejitokeza mara tano, nami nimeandika "tawanya" mara zote tano: "tawanya samadi", "tawanya mbegu", "ndege wakishtuka hutawanya", "vifaa visitawanye shambani" na "usitawanye faida ya mavuno". Mhariri amenirudishia kazi, kila "tawanya" imezungushiwa duara jekundu, maelezo hakuna. Kosa langu ni lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tuanze na ndege, maana hapo ndipo penye kosa la sarufi, kwingine ni suala la kuchagua neno. Mwingereza hutumia umbo lilelile kwa polisi anayewatimua watu na kwa watu wanaotimuliwa. Kiswahili hakikubali. "Tawanya" hudai kitu cha kutawanywa, kwa hiyo nilipofika kwenye "ndege wakishtuka hutawanya" nikabaki nauliza: hutawanya nini? Nikadhani ni mpunga, na kwelea kwelea hawashindwi. Ulitaka kusema "hutawanyika". Hata vifaa vyako navyo, kama ni lazima litumike neno hili, "visitawanyike".

Lakini liangalie jambo hili kwa upana kidogo, kwa sababu lina utamu wake. Vitenzi vyetu vya maana hii vimegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza, "tawanya" na "tapanya", inaanzia kwa mtendaji. Ukitaka kumwondoa ndipo unaongeza kiambishi: tawanyika, tapanyika. Kambi ya pili ni enea, sambaa, zagaa, tapakaa. Hawa huanzia kwenye kitu kinachojiendea chenyewe, na mtendaji akihitajika ndipo anapachikwa: eneza, sambaza, tapakaza. Yaani kwa mujibu wa lugha yenyewe, kundi la watu haliachani mpaka pawe na wa kuliachanisha, bali uvumi hausubiri mtu. Husambaa.

Kutokana na hapo utaona kwa nini "tawanya" na "sambaza" hazibadilishani viti, ingawa kamusi nyingi huzifafanulia pamoja. Tawanya ni kinyume cha kusanya. Hata mikia yao inafanana, ile "-anya" tunayoikuta pia katika changanya na gawanya: gawa, gawana, gawanya. (Ila usihangaike kutafuta uhusiano na "kutawa", kule kukaa ndani bila kuonekana, hayo ni mambo mengine kabisa.) Ili kitu kitawanywe, sharti kwanza kiwe pamoja. Anayetawanya anatazama pale vitu vilipotoka. Anayesambaza anatazama vinakofika. Umeme husambazwa vijijini, vitabu husambazwa shuleni. Ukiandika "polisi wasambaza waandamanaji", msomaji atawaona askari wakiwashusha watu mlango hadi mlango kama kreti za soda. Tafsiri ya Biblia ya Union Version ililishika hili barabara: katika Mwanzo 11, watu wa Babeli walikuwa mahali pamoja, ndipo Bwana "akawatawanya", na katika Yohana 10 mbwa-mwitu huwatawanya kondoo. Waraka wa kwanza wa Petro nao unawataja walioishi ugenini kwa neno "Utawanyiko". Ni neno zuri, nasi tumeliacha kabatini tukakimbilia "diaspora". Sitagombana na serikali kwa hilo, lakini nalionea huruma.

Wakenya wamelipeleka "sambaza" mahali pengine tena. Tangu huduma ya kutumiana salio la simu ilipopewa jina hilo, mtu akiishiwa humwambia mwenzake "nisambazie", akiwa na maana ya kurushiwa yeye peke yake. Kitu kinatoka kwa mmoja kwenda kwa mmoja, na bado kinaitwa kusambaza! Babu zetu wangeshangaa, ila neno limeshakubalika mitaani na linafanya kazi yake.

Sasa faida ya mavuno. Hapo neno lako ni "tapanya". Zamani tapanya na tawanya zilikaribiana sana (Mathayo 12 inasema asiyekusanya pamoja nami "hutapanya"), lakini leo sikio la wengi husikia ubadhirifu kwanza. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 "akatapanya mali zake", na tangu hapo neno halijasafika. Cha ajabu, "scatter" ya Kiingereza nayo imepita njia hiyohiyo. Miongoni mwa matumizi yake ya mwanzo kabisa yaliyoandikwa ni yale ya kitabu cha matukio cha watawa wa Peterborough, Uingereza, chini ya mwaka 1137, pale wanapomlaumu mfalme wao Stephen kwa kuichezea kijinga hazina aliyoachiwa na mjomba wake. Kumbe kabla ya mbegu na ndege palikuwa na mrithi mbadhirifu.

Mbegu zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kijitabu ni cha wakulima na mkulima hana subira na mtu asiyejua kazi. Kuna kupanda, mbegu ikiingia shimoni au kwenye mstari. Kuna kusia, yaani kuitia mbegu kitaluni ili miche ing'olewe baadaye ikapandikizwe. Na kuna kumwaga: mkulima anachota konzi baada ya konzi na kurusha huku akitembea. Hiyo ya tatu ndiyo kijitabu chako kinayoizungumzia, basi andika "mwaga mbegu". Nimewahi kusikia watu wakijiuliza yule mpanzi wa Mathayo 13 alikuwa mzembe kiasi gani hata mbegu ziangukie njiani na kwenye miamba. Hakuwa mzembe, alikuwa anamwaga. Tafsiri ilisema "kupanda", nasi tuliozoea mashimo ya mahindi tukamwona hana akili. Mtama nao humwagwa, ndiyo maana tunaonywa tusimwage mtama kwenye kuku wengi. Jaribu kusema "usitawanye mtama" uone siri inavyokosa ladha.

Kuhusu vifaa, mwandishi wa Kiingereza hakuwa na maana kwamba majembe yaliondoka kundini. Alitaka kusema yasiachwe ovyo. "Visizagae shambani" inatosha, na ukipenda kuukoleza mchuzi, "visiachwe shaghalabaghala". "Kutapakaa" kuachie damu, matope na vitu vinavyofunika mahali pote, jembe halitapakai. Maji na dawa utanyunyiza, nyasi za kufunika udongo utatandaza.

Imebaki samadi. Ilikuwa lundo, mtu ameichukua akaieneza shamba zima, na wakulima wenyewe husema "tawanya samadi". Duara hilo mhariri alifute.