Midoli ya vinili: maswali yenu na majibu

Tangu Labubu, yule mdoli mwenye manyoya na meno anayeuzwa na kampuni ya Pop Mart ya China, azagae kila kona inboksi imejaa maswali ya midoli ya vinili, yaani plastiki laini, haya hapa machache.

Hivi mdoli wa plastiki unakuaje sanaa? Si kitu cha watoto tu? (Msomaji, Mwanza)

Ni sanaa kwa sababu nyuma yake kuna msanii aliyekaa akabuni kiumbe chake mwenyewe, sio katuni ya tivii iliyogeuzwa bidhaa. Mwaka 1999 Michael Lau wa Hong Kong alionesha wanasesere 99 aliowaita Gardener, vijana wa mtaani na skeitibodi zao, kila mmoja na pamba zake na tabia yake, na watu wakaenda kuwaangalia kama wanavyoangalia sanamu. Mwaka huohuo KAWS, Mmarekani aliyeanzia kuchora kwenye kuta, akashirikiana na Bounty Hunter, chapa ya Tokyo, kutoa mdoli aitwae Companion, yule mwenye macho ya alama ya X, pisi 500 tu. Kwangu mi hapo ndo penye uzito, kijana asiye na hela ya kununua mchoro wa kutundika ukutani akaweza kushika mkononi kazi ya msanii anayemkubali. Baadae Kidrobot, kampuni ya midoli ya Marekani, wakaja na Dunny mwaka 2004, umbo moja lenye masikio ya sungura, kila msanii analipaka anavyotaka.

Mbona bei kali hivyo wakati ni plastiki? (Msomaji, Nairobi)

Ngoja nieleze wanavyofanya mafundi wa Japani maana ukijua hutasema plastiki tu. Umbo linachongwa, linatolewa nakala ya nta, nta inazamishwa kwenye dawa yenye umeme na shaba inajijenga juu yake taratibu, nta ikiyeyushwa inabaki kalibu ya shaba. Vinili ya maji inamiminwa humo, kalibu inachovywa kwenye mafuta ya moto, ile inayogusa shaba inaganda na iliyobaki inamwagwa, inarudishwa tena motoni, halafu fundi anaingiza koleo kwenye katundu kadogo anavuta, kichwa kizima kinajikunja kinapita halafu kinarudi umbo lake chenyewe, raha kutazama jamani! Na hicho ni kichwa tu, mikono na miguu ina kalibu zake, kisha ndo rangi. Ukigawa gharama hiyo kwa pisi chache lazima bei ipande.

Ila bei za mnadani ni habari nyingine. Juni 2025 huko Beijing Labubu wa sentimita 131 aliuzwa yuan milioni 1.08, hapo watu wanashindana wao kwa wao, usipimie thamani ya msanii kwa hiyo.

Nitajuaje Labubu feki? (Msomaji, Dar)

Hesabu meno, orijino ana 9. Skani ile QR code ya kwenye boksi uone kama inakupeleka kwa Pop Mart wenyewe, na angalia rangi za usoni kama zimekaa sawa. Kama unamnunulia mtoto kuwa makini zaidi, Uingereza mamlaka zilitoa onyo 2025 kuhusu feki zinazong'oka vipande na kumkaba mtoto. Halafu kuna mtu nyuma ya hayo meno bana, Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimbuni 2015 kwenye vitabu vyake vya picha miaka kadhaa kabla ya Pop Mart kuingia. Ukinunua feki yeye hapati hata senti.

Haya maboksi usiyojua kilichomo, si kamari? (Msomaji, Mombasa)

Yanafanana nayo sana. Kwenye seti nyingi za Labubu kumpata yule adimu wa siri ni nafasi 1 kati ya 72, na China mwaka 2023 walikataza kuwauzia watoto chini ya miaka 8. Ukimpenda mmoja mtafute huyohuyo kwa aliyeshafungua boksi.

Wangu amekua ananata na ameanza kuinama, nimtupe? (Msomaji, Arusha)

Usitupe! Kunata ni ile dawa ya kulainisha vinili inatoka nje, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mkaushe, muweke penye hewa mbali na jua, na usiguse thina kabisa, itakula rangi. Kuinama ni joto, chovya mguu kwenye maji ya moto yasiyochemka, ukilainika unyooshe halafu zamisha kwenye maji baridi huku umeushikilia mpaka ukaze.