Hospitali bure, ndiyo. Kukaa nyumbani je?

Mdogo wangu, swali lako umeliuliza kwenye grupu la familia mbele ya wajomba na mashangazi, basi nami najibu hapohapo. Umesema sisi wa Uingereza wakati wa korona tulilipwa kukaa nyumbani, tukatibiwa bure na kuchanjwa mapema, ilhali nyinyi huko Arua, Uganda, mlifungiwa ndani na boda boda ikakatazwa kubeba abiria. Kwa hiyo watu wa kyeyo, yaani sisi tuliokwenda kufanya kazi ng'ambo, tuache kulialia.

Mengi ni kweli. Huku chanjo ilianza Desemba 8, 2020, na Uganda ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi 864,000, Machi 2021. Bili za hospitali binafsi za Kampala mwaka ule nazijua, maana nyingine zilipitia simu yangu. Hapo sina ubishi.

Ila hiyo bure nayo ina hesabu yake. Mgeni mwenye viza alitozwa pauni 400 kwa kila mwaka wa viza yake kwa ajili ya huduma ya afya, kabla hajaumwa hata kichwa. Oktoba 2020 ikapanda hadi 624. Sisi watunza wazee tulikuja kusamehewa mwaka huohuo baada ya watu kupiga kelele.

Na kulipwa kukaa nyumbani? Serikali ilitoa asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, kwa mtu ambaye kazi yake imesimama. Nyumba ya wazee haisimami. Bibi wa miaka tisini lazima ageuzwe kitandani, alishwe, abadilishwe nepi, na hakuna anayeweza kufanya hayo akiwa umbali wa mita mbili. Waliobaki nyumbani ni watu wa kompyuta. Basi la alfajiri hapa Leicester lilijaa sisi: wafagiaji, walinzi, wapishi, wauguzi, Waafrika na Wahindi, na Wazungu wachache wenye mikono migumu kama yetu.

Machi 2020 na sehemu ya Aprili, hospitali zilikuwa zinawatoa wazee na kuwapeleka kwenye nyumba za kutunzia bila kuwapima. Kwetu tulipewa aproni ya plastiki nyepesi na barakoa moja kwa zamu nzima. Saa ya kula unaivua, unaitia kwenye bahasha yenye jina lako, ukimaliza unaivaa tena ingali na unyevu wa pumzi yako.

Ukiugua, posho ya ugonjwa ya kisheria ilikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Chumba changu peke yake kilikuwa pauni 100. Aliyekuwa anapata chini ya pauni 120 kwa wiki hakustahili hata hiyo, na wengi wetu tulioajiriwa kupitia wakala tulikuwa na mikataba isiyo na saa maalumu: leo kazi ipo, kesho haipo. Tena viza zetu nyingi zimeandikwa kabisa kwamba hatustahili msaada wa serikali. Basi mtu anakohoa, anameza panadol, anasema ni vumbi, anaingia zamu. Mimi simlaumu. Ana watoto Bulawayo wanaosubiri ada. Jioni anarudi kwenye nyumba ya watu watano, jiko moja, choo kimoja, halafu redio inamwambia ajitenge. Ajitenge wapi, kabatini?

Juni 2020 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa ripoti: watu wenye asili ya Bangladesh walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara mbili ya Wazungu wa Uingereza, na weusi wenye asili ya Karibiani na Waasia wengine asilimia 10 hadi 50 zaidi. Watu wakaanza hadithi za damu na vitamini. Mimi naamini zaidi habari za basi, jiko na zamu. Mwisho wa mwezi huohuo Leicester tukafungiwa tena peke yetu, nchi nzima ikifunguliwa, na macho yote yakageukia viwanda vya nguo ambako watu walishona bega kwa bega kwa malipo yaliyo chini ya sheria.

Rangi nayo ilikuwa na sehemu yake. Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni husoma vibaya kwenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulikipita kifaa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Unaambiwa uko sawa, nenda nyumbani, kumbe unazama. Hata udaktari haukuwa ngao: Adil El Tayar, mpasuaji wa kupandikiza viungo, mzaliwa wa Atbara, Sudan, alifariki Machi 25, 2020.

Wala usidhani nimesahau ya kwetu. Niliona picha za akina mama wamelala chini ya neti katika soko la Nakasero, kwa sababu amri ilisema anayeuza chakula asirudi nyumbani. Wenye friji na mshahara Kampala walikaa ndani. Shule zilifungwa hadi Januari 10, 2022, na wenye intaneti wakaendelea kusoma. Mimi nimehama nchi, tabaka nimelikuta uwanja wa ndege likinisubiri.

Sasa hii kazi ya ulinzi ya Ghuba uliyoletewa na ajenti wa Kampala. Sikukatazi, na njia ya huku ya kutunza wazee imefungwa kwa waombaji wapya wa nje tangu Julai 2025. Lakini kumbuka Doha, Qatar, Machi 2020: eneo la Industrial Area wanakolala vibarua lilifungwa, nao wakiwa ndani, kitanda juu ya kitanda. Muulize ajenti mnalala wangapi chumba kimoja, siku ya ugonjwa nani analipa, na pasipoti inakaa kwa nani. Akikwambia mambo hayo utayajua ukifika, usitoe shilingi. Na mkataba nipigie picha kurasa zote, hasa zile za nyuma zenye maandishi madogo. Jumapili siko zamu, tutausoma pamoja.