Ukungu kwenye miwani ya VR: pikseli hazichakai

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Quest 2, miwani ya VR ya kuvaa usoni ukajiona uko ndani ya gemu, niliyoletewa na shemeji kutoka Dubai mwaka 2021. Nacheza zaidi gemu za kompyuta, kwa Wi-Fi, kadi ya kuchora picha kwenye kompyuta ni GTX 1060. Picha ina ukungu, na nikifika dakika ishirini kichwa kinauma na tumbo linachafuka. Nimepandisha kifurushi cha intaneti, wapi. Winga mmoja Kariakoo ananiambia niuze hii, niongeze hela nichukue Quest 3S, eti ndiyo "HD" yenyewe. Fundi mwingine anasema anaweza kuzisugua lenzi zing'ae. Nishike lipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo winga, maana ndiye aliyefanya swali lako liruke foleni.

Quest 3S ilitoka Oktoba 2024. Ina prosesa mpya, tena nzuri. Lakini skrini yake ni pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, sawasawa na hiyo uliyonayo, na lenzi zake ni Fresnel, zile zenye mistari ya duara, aina ileile ya Quest 2. Ukiuza yako kwa sababu ya ukungu ukachukua 3S, umelipa hela kuhamisha ukungu kutoka boksi la zamani kwenda boksi jipya. Iliyobadilishwa lenzi ni Quest 3 yenyewe, ya 2023: hiyo picha yake imenyooka mpaka pembeni, na skrini ni 2064 kwa 2208. Majina yanafanana, vitu havifanani, na anayeuza hana haraka ya kukueleza.

Sasa kuhusu huo ukungu. Wiki haipiti bila mtu kuniwekea miwani mezani: "Fundi, hii imechoka, haionyeshi tena." Pikseli hazichakai. Skrini ya 2020 ina pikseli zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Kinachoharibika ni ukaaji wake usoni, na hapo ndipo watu wanapotupa hela.

Kuna kijana alikuja na Quest 2, mnunuzi ameshampata, anataka tu nimwambie bei ya haki. Nikachukua rula ya shule, nikamsimamisha mbele ya kioo cha kinyozi jirani, nikapima kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya nyingine: milimita 67. Nikageuza miwani yake, nikasoma namba iliyo kati ya lenzi: 1. Namba 1 ni milimita 58. Yaani kila jicho lilikuwa linachungulia milimita nne na nusu nje ya kitovu cha lenzi, mwaka mzima. Nikazisukuma kwa vidole hadi 3, nikaushusha mkanda wa nyuma ukashika chini ya kisogo badala ya utosini, nikamwambia avae. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza nimebadilisha kifaa gani. Mnunuzi alirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo pima. Quest 2 ina ngazi tatu tu: 58, 63 na 68. Chini ya 61 weka namba 1, juu ya 66 weka 3, katikati weka 2. Ukishavaa, ipandishe na kuishusha kidogo usoni ukiwa unasoma maandishi madogo ya menyu, mpaka yaonekane makali. Kama unavaa miwani ya macho, yavae humohumo, na uweke kile kipande cha plastiki kilichokuja kwenye boksi ili vioo visikwaruzane na lenzi. Wengi walikitupa siku ya kwanza wakidhani ni cha kulindia mzigo. Kama macho yako yameachana sana, tuseme 72, hapo nitakuelewa ukitaka Quest 3, kwa sababu ina gurudumu la kusogeza lenzi kidogo kidogo, na imekusudiwa macho ya 53 hadi 75. 3S imebaki na ngazi tatu.

Kifurushi cha intaneti, pole. Picha ya gemu inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye miwani. Safari yote hiyo haivuki ukuta wa nyumba yako. Kifurushi cha elfu kumi na cha laki moja vinakupa picha ileile. Unachotakiwa ni kuunganisha kompyuta na ruta kwa waya, miwani ikae kwenye mawimbi ya 5 GHz na si 2.4, na ruta iwe chumba hichohicho unachochezea. Ikishindikana, tafuta waya mzuri wa USB wa mita tano uchomeke moja kwa moja. Alama ya tatizo la Wi-Fi ni hii: ukigeuza kichwa, majani na moshi vinavunjikavunjika kama vigae, ukitulia vinajirudi. Hiyo ni video iliyobanwa njiani. Lenzi haina kosa hapo.

Halafu kuna GTX 1060, ambayo ni kadi ya 2016. Imefanya kazi, tuishukuru. Miwani ikiwa kwenye 72 Hz, yaani picha 72 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde kama 13.9 tu za kuchora kila picha, tena ya macho mawili. Ikichelewa, picha zinarukaruka, na huko kurukaruka ndiko kunakokuchafua tumbo mapema. Sasa piga hesabu: Quest 3 ina pikseli karibu asilimia 30 zaidi kwa kila jicho. Kadi ambayo tayari inahema umeiongezea mlima. Utashusha ubora ili iende, na umerudi pale ulipokuwa, ila huna hela. Kama una bajeti moja tu, ipeleke kwenye kadi kwanza, na uhakikishe pawa saplai inaiweza.

Kichwa kinaweza kupona kwa kupanga lenzi tu. Tumbo lina kesi yake. Macho yanaambiwa unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kwenye kiti, ubongo unashindwa kuamua. Hakuna miwani ya bei yoyote inayomaliza ugomvi huo. Anza na gemu unazosimama mahali pamoja, kwenye mipangilio chagua kuhama kwa kuruka badala ya kuteleza kwa kijiti, washa feni ikupige usoni, na uvue dakika ileile unapoanza kujisikia vibaya. Kujikaza kiume hapa kunakuongezea siku za kuumwa.

Huyo wa kusugua usimpe hata azishike. Lenzi ni plastiki. Nimeletewa moja iliyosuguliwa kwa dawa ya meno, imepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho, na fundi aliyeisugua alikuwa ameshalipwa. Kitambaa kikavu laini cha lenzi, basi. Spiriti hapana, mate hapana, shati hapana.

Sikatazi watu kununua vipya. Kama unacheza ndani ya miwani yenyewe bila kompyuta, gemu mpya zimeanza kuiacha Quest 2 nyuma. Batman: Arkham Shadow ya 2024, kwa mfano, inacheza kwenye Quest 3 na 3S tu. Kwa mchezaji wa namna hiyo 3S ina maana, na winga wako angekuwa amesema kweli. Wewe umeniambia unacheza za kompyuta.

Ninachokiogopa zaidi ni vile vinavyouzwa kwa namba. Kuna boksi za plastiki zimeandikwa "8K" ubavuni, ndani ni lenzi mbili na nafasi ya kuchomeka simu. Hiyo K inategemea simu yako, na hakuna simu ya kuifikia. Kuna miwani ya VR ya kompyuta iitwayo HP Reverb G2, za mkononi, 2160 kwa 2160, bei ya kuokota, na muuzaji hasemi kwamba Microsoft iliondoa Windows Mixed Reality, programu inayoiendesha miwani hiyo, kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Ukisasisha kompyuta, unabaki na pambo la kabati. Watundu wamepata njia za kuizunguka, lakini mtu anayeuliza kama anunue asianzie huko. Na Quest yoyote ya mkononi, muuzaji aifute mbele yako, uingize akaunti yako, ucheze kidogo, ndipo utoe hela. "Nitakutumia pasiwedi jioni" maana yake si mali yake.

La mwisho, jua. Lenzi zile zinakusanya mwanga kama kioo cha kuwashia moto, na skrini iko pale pale mbele yake. Kuna mama aliniletea Quest 3 ya mwanawe, ina wiki mbili. Iliachwa kitandani lenzi zikitazama dirisha, jua la saa tatu likapita. Nilipoiwasha kulikuwa na doa la manjano kila upande, ndogo kama punje ya mtama, zikikufuata popote unapotazama. Nilipanga lenzi, nilipiga kitambaa, sikuwa na la kufanya. Huyo ndiye niliyemwambia anunue nyingine.